Mkia wa Shafti

Likizo ya Agosti mwaka wa 1975, Akullo aliamka kila siku kabla ya jogoo wa jirani, akachukua madebe mawili na kuteremka bondeni kwenye chemchemi ya Kisugu. Mabomba ya mtaani yalikuwa yamekauka tangu Juni. Pampu iliyokuwa ikisukuma maji mpaka kambi ya askari kilimani, na kwa raia waliokaa chini ya kambi, ilikuwa imekufa, na vipuri vyake havikupatikana Kampala nzima. Siku hizo hata sabuni ilikuwa adimu, na chumvi, na sukari. Nani angethubutu kuuliza vipuri?

Foleni ya maji ilikuwa ndefu, na foleni ndefu haikosi habari. Aliyekuwa hodari wa kuzileta ni Kulusum, rafiki yake Akullo, msichana wa miaka kumi na mitatu kama yeye. Kwa kawaida Kulusum alileta habari tano kwa mkupuo mmoja na kuzicheka zote. Ijumaa hiyo alileta moja tu, na aliisema huku akilitazama debe lake.

"Mke wa yule fundi amepita tena na chakula," alisema. "Amefika mpaka geti la kambi. Wamemwambia hawamjui mtu huyo, akarudi nacho."

"Yule aliyetengeneza shafti ya kwanza ya pampu?" aliuliza Akullo.

"Huyo huyo. Shafti yake ilizunguka siku tatu ikakwama. Na jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya vipimo."

Akullo aliinamia madebe yake. Shafti ya pili, chuma kirefu cha kuzungushia pampu, ilikuwa ikitengenezwa mahali alipofanya kazi baba yake, na karatasi ya shafti ya pili ingeandikwa jina la baba yake. Alijitwika debe moja, akashika la pili mkononi, akapanda mlima bila kumngoja mwenzake.

Baba yake, Tarcisio Odur, alikuwa mpimaji wa vyuma katika maabara ya chuo kimoja cha ufundi mjini. Alikuwa mtu wa Lango, mrefu, mwenye miwani ya zamani iliyofungwa waya upande mmoja. Hakuwa msemaji, na miaka ile alizidi kupunguza maneno, maana watu wa kwao, walioshukiwa na wanajeshi waliotawala, walikuwa wamejifunza kwamba mjini mdomo ni mzigo. Zamani alikuwa na msaidizi, kijana mmoja aliyeomba ruhusa ya siku tatu kwenda kumzika bibi yake upande wa Busia. Mazishi hayo sasa yalikuwa yanaingia mwezi wa tano. Basi likizo ilipoanza, Odur alimwambia binti yake avae gauni kuukuu wakaenda pamoja kazini kwa miguu, mwendo wa saa nzima.

Karakana ilikuwa upande mmoja wa ua, maabara upande wa pili. Karakana ilikuwa ya Mumbere, fundi wa kukereza, mtu wa Kasese, mfupi, mwenye kifua kipana na majivuno ya halali, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kweli. Kati yake na Odur hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walifanya kazi, waligombana na kupatana kwa Kiswahili.

Desturi yao ilikuwa hii. Mumbere alipokereza shafti, aliiacha ndefu kuliko ilivyotakiwa, kwa kiasi cha shubiri moja. Ziada hiyo waliiita mkia. Mkia ulikerezwa kwa kisu kile kile, kwa mwendo ule ule, siku ile ile, na kwa hiyo lililokuwa kweli kwa mkia lilikuwa kweli kwa shafti nzima. Shafti yenyewe ilikuwa na urefu wa mtu mzima, haikuweza kupanda kwenye meza za mashine za kupimia. Ndiyo maana walikata vipande vya upana wa kidole kutoka mkiani, polepole na kwa maji mengi ili chuma kisipate moto, wakavipeleka maabara. Vipande vikipimwa na karatasi ikitiwa sahihi, mkia uliobaki ulikatwa wote. Ukishakatwa, hakuna tena cha kupima.

Vipande vilikuwa viwili, na kila kimoja kilikuwa na adabu yake.

Cha kwanza kilikuwa cha hadubini. Hiki kilitaka kusuguliwa mpaka kiwe kioo. Odur alikigandisha ndani ya gundi ngumu ili kishikike vizuri, kisha Akullo akakisugua upande wake uliokatwa kwenye misasa minne, kuanzia wenye chembe kubwa mpaka ule laini kabisa. Kwa kila msasa alikigeuza robo mzunguko, akisugua mpaka mikwaruzo yote ya msasa uliotangulia iishe. Kati ya msasa na msasa alinawa mikono na kukiosha kipande, kwa maana chembe moja tu ya msasa wa kwanza ikiingia kwenye wa mwisho, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Mwishowe alikisugua juu ya kitambaa kizito cha sufu kilichonyunyiziwa unga mweupe uliolowa. Baba yake alikipitishia asidi kidogo iliyochanganywa na spiriti, akakiweka chini ya hadubini na kumwita aangalie.

Akullo aliangalia akasahau kupumua. Chuma kile ambacho kwa macho kilikuwa kitu kimoja kikavu kilikuwa kimegawanyika vijishamba vingi, vyeupe na vya kijivu, kila kimoja na mpaka wake. Baba yake alimweleza kwamba vijishamba hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama chuma ni cha aina iliyotakiwa, na kama kina nyufa ndani. Chuma cha shafti hii kilikuwa kizuri, akasema, na kilisuguliwa vizuri. Kwa mtu kama Odur, hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Akullo alifurahi siku nzima.

Kipande cha pili kilikuwa cha sindano. Kulikuwa na mashine yenye sindano ya ncha ya almasi, ambayo ilipita taratibu juu ya uso wa kipande, ikipanda na kushuka kwenye mistari iliyoachwa na kisu cha kukerezea, na kuchora mpando huo na mshuko huo kwenye utepe wa karatasi. Hapo ndipo ukwaru wa chuma, yaani ukosefu wake wa ulaini, ulipojulikana. Ulipimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Barua ya kazi iliyotoka kambini ilitaka ukwaru usiozidi nukta nane ya mikroni moja. Shafti yenye ukwaru zaidi ya hapo huila bushi, ile pete inayozungukia ndani yake, kidogo kidogo, kama tupa, mpaka siku inakwama. Ile ya kwanza ilikuwa imekwama hivyo.

"Hiki hukisugui hata kidogo," Odur alimwambia binti yake. "Unakiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa spiriti, unakikausha, unakishika kwa kibanio, unakifungia chupani. Kidole kisikiguse. Kazi yake ni kusema jinsi kilivyotoka kwa Mumbere. Usikisaidie kusema."

Akullo aliitikia, na asubuhi yote ya Ijumaa alifanya kama alivyoambiwa.

Sasa tuje kwenye njugu. Mama yake Akullo, Amito, alikuwa akifanya kazi ya usiku katika hospitali ya Mulago. Juma hilo alikuwa amepata chumvi kidogo kwa mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Ggaba, na kwa furaha ya chumvi hiyo alikaanga njugu, akazinyunyizia, akamfungia binti yake kwenye kipande cha gazeti. Watoto wa leo hawatajua njugu zenye chumvi zilikuwa kitu gani mwaka ule. Akullo aliziweka mfukoni akazionea huruma mpaka saa nane. Baba yake alipotoka kwenda kuosha vyombo vya asidi, alizila zote, akalamba na gazeti.

Kipande cha sindano kilikuwa mezani, kimeshaoshwa, kinangoja kufungiwa. Kwa kuwa kilikuwa cha mviringo, na meza ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kilianza kubingirika. Akullo alikiona kikifika ukingoni. Kibanio kilikuwa mbali. Alikidaka kwa vidole.

Mtu yeyote angefanya vile. Alikitazama, hakuona kitu. Alikifuta kwa upindo wa gauni, akakitumbukiza kwenye chupa yenye mchele mkavu uliokaangwa, ambao maabara ilitumia kunyonyea unyevu kwa sababu dawa yake halisi ilikuwa imekwisha zamani. Akafunga kifuniko, akanawa mikono. Baba yake aliporudi hakumwambia. Aliona si jambo.

Jumamosi na Jumapili zikapita. Jumatatu asubuhi Odur alisimama ofisini kutia sahihi ya kufika kazini, naye Akullo akatangulia maabara kuandaa meza. Alifungua chupa, akakichukua kipande kwa kibanio. Juu ya chuma kilichokuwa kinang'aa kulikuwa na alama ya kidole, ya rangi ya kahawia, iliyotimia. Mistari yote ya kidole ilionekana, hata kovu dogo alilopata alipokuwa akimenya muhogo. Jasho na chumvi vilikuwa vimekaa juu ya chuma siku mbili na kuandika jina lake kwa kutu.

Alijua la kufanya. Alikuwa na mdomo, na baba yake alikuwa hatua hamsini kutoka pale. Lakini alikumbuka jinsi alivyosifiwa Ijumaa, akaona sifa hiyo ikivuliwa. Akakumbuka na njugu, jinsi zilivyoliwa kwa siri mahali pa kazi. Aibu ni mshauri mbaya sana. Alichukua msasa laini kuliko yote, akauzungusha juu ya kipande akifuata mistari ya kisu, polepole na kwa akili, ili kisionekane kimesuguliwa. Alisugua mpaka kutu ikaisha. Kisha akakiosha kwa mafuta ya taa na spiriti kama kawaida, akakikausha. Kilikuwa kizuri kuliko mwanzo, na hilo lilimfanya atulie.

Odur aliingia, akavaa miwani, akakiweka kipande chini ya sindano. Sindano ilitembea. Utepe ulitoka na mstari uliotulia, vilima vyake vifupi. Odur alipiga hesabu akapata nukta nne ya mikroni. Alipima mara ya pili akapata hiyo hiyo.

"Kimelainika kweli," alisema, akimtazama binti yake.

Akullo alisema ndiyo, kimelainika.

Odur alikuwa mpimaji mzoefu, na siku nyingine angekaa na mashaka. Lakini mtu anayetamani jambo liwe, huliamini upesi, na yeye alikuwa na juma zima halali vizuri. Alikwenda karakana kumpa Mumbere habari. Mumbere alicheka kwa sauti mpaka akaketi. Alikiri kwamba tangu Ijumaa alikuwa na wasiwasi, kwa sababu kisu cha kukerezea, ambacho ndicho pekee kilichobaki, kilikuwa kinalia vibaya kuelekea mwisho, naye alihofu kimemegeka. Alitaka hata kuomba siku moja akinoe na kurudia. Sasa hakukuwa na haja. Akautazama mkono wake wa kulia akausifu mbele ya watu.

Akullo alisikia yote hayo kutoka mlangoni. Mpaka hapo alikuwa amedhani ameficha alama ya kidole. Ndipo alipoanza kuelewa kwamba labda alikuwa ameficha na kitu kingine.

Saa sita mchana Sajenti Abudu aliingia uani na gari la jeshi na askari wawili. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso uliochoka, na hakupiga kelele. Watu walimwogopa zaidi kwa sababu hiyo. Alisimama kivulini akauliza kama kazi iko tayari, maana mkubwa wake anataka maji leo, si kesho. Odur alimjibu kwamba iko tayari. Alileta meza ndogo nje, akatandaza karatasi, akaandika vipimo, na chini yake akaandika jina lake lote, Tarcisio Odur, kwa mwandiko wake ulionyooka. Akakausha wino kwa pumzi.

"Mumbere," alisema, "kata mkia."

Mumbere aliuinua msumeno wa chuma akauweka kwenye mstari wa shafti, iliyokuwa imelazwa mlangoni mwa karakana. Msumeno ukaanza kutembea. Akullo alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, na sauti ile ya meno yakila chuma ilimwingia mwilini. Akilini alimwona yule mama wa getini na chakula chake kilichofunikwa. Akamwona na mama yake mwenyewe, Amito, ameshika chakula kile kile, amesimama pale pale. Akaita.

"Baba, mkia usikatwe."

Mumbere aliendelea, hakuwa amesikia. Akullo alivuka ua mbio, akaweka mkono juu ya shafti mbele ya msumeno. Msumeno ukasimama. Ua wote ukamtazama, pamoja na sajenti.

Odur alimshika bega akamwingiza maabara, akafunga mlango. Akullo alimweleza kila kitu, kuanzia njugu mpaka msasa. Alieleza kwa haraka na bila kulia, kwa sababu aliona kulia kungechukua muda. Baba yake hakumpiga, wala hakumkemea. Alimwuliza maswali mawili tu: alitumia msasa upi, na alisugua kwa muda gani. Akajibu kwamba ni ule wa mwisho, na kwamba alisugua mpaka alama ikaisha. Odur alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Kisha akatoka nje, na Akullo akamfuata. Odur aliichukua karatasi mezani, akapiga mstari kutoka kona mpaka kona, juu ya vipimo na juu ya jina lake.

"Afande, karatasi hii si ya kweli," alisema. "Kipande tulichopima kiliharibika maabara. Kosa ni la maabara yangu. Shafti hii sijui kama ni nzuri, na sitasema ninajua."

Askari wawili wakatazamana. Abudu aliisogelea meza.

"Sasa mimi naambia mkubwa nini?" aliuliza. "Nasema fundi nafuta karatasi? Unajua watu naita hiyo kitu gani siku hizi?"

Odur alisema anajua, inaitwa hujuma.

Hapo Akullo alijongea mbele. "Ni mimi niliyekiharibu, afande," alisema. "Baba hakujua. Nilikishika, kikapata kutu, nikakisugua ili asione."

Abudu alimtazama mtoto, kisha akaitazama ile karatasi yenye mstari. Alikuwa na binti nyumbani labda, au hakuwa naye. Hakuna aliyejua.

"Ile shafti ya kwanza, mimi ndio nabeba," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Karatasi yake ilikuwa safi sana." Akapanda gari. "Kesho saa kumi. Kama hakuna, mimi siji peke yangu."

Gari lilipotoka, hakuna aliyeketi. Mumbere alikata kipande kipya mkiani. Odur alikiosha mwenyewe, akakiweka chini ya sindano. Mstari uliotoka ulikuwa na vilima virefu na makorongo. Mikroni mbili na nukta moja. Mumbere aliuangalia utepe ule kwa muda mrefu. Alikwenda kukichunguza kisu chake kwa kioo cha kukuzia, akaona ncha imemegeka kama jino la mzee. Zile sifa alizojipa asubuhi hakuzitaja tena. Alisema tu kwamba shafti ile isingemaliza juma.

Mchana kutwa na asubuhi ya pili alikinoa kisu juu ya jiwe la mafuta, akikitazama na kukinoa tena. Barua ya kazi iliruhusu shafti ipungue unene kwa unywele, na Mumbere aliutumia unywele huo wote. Alikereza mara ya mwisho kwa mwendo wa pole, shafti pamoja na mkia wake uliobaki, na safari hii kisu hakikulia.

Kipande cha tatu cha sindano kilipokatwa, Odur hakukigusa. Alirudi nyuma, akaweka mikono mgongoni. "Kiandae," alimwambia Akullo.

Akullo alinawa mikono mpaka viwiko kwa kile kipande cha sabuni kilichobaki, chembamba kama jani. Alikishika kipande kwa kibanio, akakiosha kwa mafuta ya taa, akakisuuza kwa spiriti, akakipuliza kwa kipulizio cha mpira mpaka kikakauka. Meza ile yenye mguu mfupi alikuwa ameiwekea kigae chini tangu asubuhi. Alikiweka mahali pake, na sindano ikatembea.

Nukta saba. Odur alipima mara tatu, akapata nukta saba mara zote. Aliandika karatasi mpya, akatia jina lake lote, na mkia ukakatwa. Saa kumi kamili Abudu aliichukua shafti.

Zikafuata siku za kungoja. Odur alikwenda kazini na kurudi kama kawaida. Hakumsema binti yake hata kwa neno moja, na Akullo angependelea fimbo kuliko kimya kile. Usingizi wake ulikuwa wa vipande. Gari lolote lililopunguza mwendo karibu na nyumba lilimfanya aache anachofanya. Siku ya tatu, siku ambayo shafti ya kwanza ilikwama, Amito hakwenda kazini, akasema anaumwa kichwa. Wote watatu walijua kichwa chenyewe ni kipi.

Siku ya nne asubuhi Akullo alikuwa akitafuta madebe yake aliposikia bomba la uani likikohoa. Likatema hewa, likatema maji ya rangi ya udongo, kisha likatoa maji safi. Kwa mbali alimsikia Kulusum akiita majirani. Baada ya juma moja maji yalikuwa bado yanatoka, na Ijumaa mchana Sajenti Abudu alipita chuoni, akaweka nusu mche wa sabuni juu ya meza ya maabara, akasema pampu inazunguka kimya. Akaondoka. Habari za yule fundi wa kwanza hakuleta, na hakuna aliyemwuliza.

Odur alimwita binti yake, akamwonyesha kiti.

"Umekuwa ukingoja nikuseme," alianza. "Nami nilikuwa nangoja nijue kwanza kama nitakuwepo kukusema."

Akullo aliinamisha kichwa. Machozi ambayo Jumatatu ile hayakupata nafasi sasa yalipata, na baba yake aliyaacha yatoke.

"Ile alama ya kidole haikuwa uongo," aliendelea. "Ilisema kweli: hapa alipita mtoto mwenye mikono ya chumvi. Ungeniambia, ningekasirika kidogo, tungekata kipande kingine, na saa nne tungekuwa tumemaliza. Uongo uliingia na msasa. Kosa la kidole lilikuwa dogo, la kufutika kwa dakika. Ulipolificha, ukalificha na kosa la kisu cha Mumbere, ambalo hukulijua, na juu yake nikaweka jina langu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kusema kwamba mara nyingine kifo chenyewe humwendea mtu mwingine."

Kisha akasema kwamba aliogopa sana siku ile, na kwamba hata hivyo, alipomwona akivuka ua na kuweka mkono mbele ya msumeno, alijua kwamba kitu muhimu zaidi hakijaharibika.

Alitoa daftari la maabara. Lilikuwa na safu ya vipande, safu ya vipimo, na safu ya mwisho iliyoandikwa juu yake *aliyetayarisha*. Safu hiyo ilikuwa tupu tangu yule kijana wa mazishi alipoondoka.

"Hili haliendi kambini," alisema Odur. "Hili ni la kwetu, la ukweli wa kazi. Andika jina lako kwenye vipande ulivyoandaa. Cha hadubini, na cha mwisho. Na kile cha kwanza cha sindano pia. Mbele yake andika kilivyokuwa."

Akullo alichukua kalamu, halafu akairudisha mezani. Alikwenda kwenye beseni, akakata kipande cha ile sabuni mpya, akanawa mikono na kuikausha vizuri. Aliporudi aliandika jina lake mara tatu. Mbele ya kipande cha kwanza cha sindano aliandika: *Kilisuguliwa na Akullo. Hakifai.* Baba yake alisoma, akaweka tarehe, wakafunga maabara na kwenda nyumbani.